Mkongojo Uliozidi Vidole Viwili

Saa tatu kasoro robo asubuhi. Miguu miwili yenye viatu vya plastiki imetokeza chini ya boti nyeupe iliyopakiwa juu ya trela, uani kwenye kokoto. Mwenye miguu haonekani. Inasikika sauti yake tu, na sauti hiyo inauliza swali ambalo mwenye boti hakulitegemea.

"Barabara ya kwenda kwako ina matuta mangapi?"

Mwenye boti, mwanamume wa makamo aliyevaa shati la ofisini, anakuna kichwa. Hajawahi kuyahesabu.

"Basi nenda ukayahesabu, halafu urudi," sauti inasema, kisha inaangua kicheko. "Nakutania, baba. Lakini kama huijui barabara yako, mkongojo utauchaguaje?"

Mwanamke anajikokota kutoka chini ya trela, anajipangusa kokoto mgongoni na kusimama. Ana miaka hamsini na miwili na wajukuu watatu. Hata hivyo mtaa mzima, pamoja na wajukuu hao, unamwita Binti. Jina lake kamili la mtaani ni Binti Taratibu, kwa kuwa baba yake alikuwa Fundi Taratibu, na mtaa ukishakupa jina haukubali urudishe.

Shingoni amening'iniza futi ya fundi cherehani. Haupiti mwaka bila mtu kuja na suruali mkononi akitaka ipunguzwe miguu. Binti humwelekeza duka la tatu baada ya duka la dawa, wala hakasiriki.

Kazi yake ni kutengeneza mikongojo ya injini za boti. Boti inapovutwa na gari, injini yake ya nyuma huinuliwa ili isikwaruze lami. Ikishainuliwa inabaki ikining'inia, na kila shimo la barabarani linairusha na kuiangusha. Uzito wote huo unabebwa na ubao wa nyuma wa boti peke yake. Mkongojo ni fimbo ngumu inayosimama kwenye fremu ya trela na kuupokea mguu wa injini, ili ubao upumue.

"Watu wanadhani ni fimbo tu," anasema huku akijifuta mikono kwa kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe. "Wanakuja na haraka zao, 'Mama, nipe mkongojo nikimbie.' Nawauliza, mkongojo wa nani? Hata bibi yako huwezi kumnunulia mkongojo kabla hujamwona anavyosimama."

Kwanza huitazama injini: nzito au nyepesi, inainuliwa kwa mkono au kwa kubonyeza kitufe. Ya kitufe ina nafuu, unaishusha polepole hadi ilale yenyewe juu ya mkongojo. Ya mkono ina meno yake ya kusimamia na haisimami popote pengine, kwa hiyo mkongojo wake lazima uenee sawasawa kama kiatu.

Halafu huinama kuukagua mkia wa trela. Mwisho huiegemea boti kwa bega na kuisukuma kwa nguvu zake zote, aone kama inatikisika peke yake au inakwenda pamoja na trela.

"Boti na trela wakicheza kila mmoja ngoma yake, ukaweka mkongojo mrefu katikati, umewagombanisha," anasema. "Trela ikiruka, inaipiga ngumi injini. Injini inaupiga ngumi ubao. Ukifika nyumbani unashangaa maji yanaingia wapi."

Mwenye boti nyeupe ana injini ya nguvu za farasi kumi na tano, ubao mzima na kilomita kumi na mbili za lami. Binti anamwambia aende dukani akanunue kile kipande kifupi kinachobanwa kati ya injini na kishikio chake chenyewe. Hakigusi trela kabisa. Uzito kinauacha palepale kwenye ubao, lakini kinaizuia injini isicheze, na kwa injini ndogo kama hiyo kinatosha. Mteja anashukuru na kuondoka bila kununua kitu.

"Ndiyo maana hatujajenga ghorofa," anasema mumewe.

Mume huyo ni dereva mstaafu wa malori. Hushinda kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, kando ya jiko la mafuta, akichemsha chai na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Kiuno kilimgomea baada ya miaka thelathini ya usukani. Siku hizi safari yake ndefu ni ya kutoka kwenye kiti hadi bombani.

Mwezi ukiwa mzuri, Binti hutengeneza mikongojo kumi. Ukiwa mbaya, mitatu. Mmoja wa chuma humpa hela ya mfuko wa unga wa kilo hamsini, na chenji ya sukari. Wateja wengi humrudia kwa sababu ambayo hawapendi kuisema: wanafika majini, wanasahau kuuondoa mkongojo, boti inaelea, na mkongojo unakwenda chini. Sasa anaipaka yote rangi ya machungwa na kuifungia kipande cha dumu ili ielee.

"Mikongojo yangu iliyo chini ya maji ni mingi kuliko iliyo barabarani," anasema. "Samaki wa huko wote wanatembea wima."

Mumewe anacheka kama aliyeusikia utani huo kwa mara ya kwanza. Ameusikia zaidi ya mara mia.

Karakana ni chumba kimoja cha matofali. Ua wake unatosha trela mbili, au tatu kama madereva wanapendana. Zamani, anasimulia Binti, foleni ilitoka humu ndani ikapita duka la dawa hadi kwenye kona. Baba yake alitengeneza mikongojo thelathini kwa mwezi, yote ya mti mgumu, na takataka za randa zilijaa hadi kwenye vifundo vya miguu. Binti anasema akifumba macho bado anaisikia harufu ile, ya mbao mbichi na mafuta ya taa, na redio ndogo ikikoroma juu ya kabati.

"Alikuwa hamgusi mtu boti yake kabla hajamkalisha," anakumbuka. "Anakukaribisha, anakupa maji ya kunywa. Ukishakunywa, ndipo anaizunguka boti mara tatu, mikono nyuma, bila kugusa kitu. Wenye haraka walikuwa wanataka kulia. Ndiyo wakamwita Taratibu."

Akiwa na miaka saba, kazi yake ilikuwa kuugonga ubao kwa boliti na kusikiliza. Baba alimnyanyua mabegani ili afike juu. "Gonga, mwanangu," alikuwa akimwambia. "Ukilia ko, sema mzima. Ukilia pu, sema umeoza." Binti alikuwa akisema kwa sauti kubwa ili foleni nzima isikie, na wale ambao ubao wao ulikuwa mzima wakamnunulia peremende.

Anaposimulia hayo macho yanamlegea, na kwa muda haelekei kuwa bibi wa mtu yeyote. Anasema angetoa chochote apate asubuhi moja tu ya siku zile, hata kama ni ya mvua na hakuna mteja.

Mlango wa karakana hauna komeo la chuma. Hufungwa kwa mti uliogeuka mweusi kwa uzee, wenye panda upande mmoja na kipande cha mpira wa tairi kilichokakamaa ndani ya panda hiyo. Mtu yeyote aliyekaa hapo nusu saa anatambua kwamba ule ni mkongojo. Alipoulizwa kwa nini mkongojo umefanywa komeo, Binti alitazama pembeni.

"Huo? Huo ni komeo tu," akasema, na kuanza kutafuta spana aliyokuwa ameishika mkononi. Mumewe alikohoa na kumimina chai.

Saa tano na kitu, gari dogo la mizigo linaingia uani likivuta boti ya bluu iliyopauka. Gurudumu moja la trela linalia kama mtoto aliyenyimwa. Anashuka dada wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi. Ni mwalimu.

"Samahani, mama. Nimeambiwa hapa mnatengeneza magurudumu."

"Yanatengenezwa, mwanangu. Boti inakwenda wapi?"

"Kwangu. Nimehamishiwa shule nyingine, kilomita mia na sitini kutoka hapa. Nyumba iko upande huu wa maji, shule upande wa pili, na mashua ya kuvukia hakuna. Mama amenipa boti yake." Anainyooshea kidole kwa namna ya mtu aliyepewa kitu kikubwa. "Bila hii siwezi kufika kazini."

"Na injini umeiegemeza na nini?" anauliza dereva mstaafu kutoka kwenye kiti chake.

Mwalimu anacheka kwa aibu. Injini, ya arobaini na nzito, ameifunga kwa kamba ya manila kwenye benchi la boti.

"Nilitaka kutafuta mkongojo, lakini mama amenikataza. Amesema nikipita mtaa huu nitafute fundi wa gurudumu tu. Kuna fundi anaitwa Taratibu, nisithubutu kumpa boti. Aliwahi kumvunjia."

Kijiko kinaanguka kwenye sahani. Dereva mstaafu hakiokoti. Anamtazama mkewe.

Binti amekwisha zunguka nyuma ya boti. Anaupangusa ubao kwa kiganja, na chini ya vumbi kinatokea kiraka cha mti mweusi zaidi, kimeungwa kwa ustadi na kukazwa kwa skrubu nane za shaba. Mifereji ya bisibisi kwenye skrubu zote nane imesimama wima, hakuna hata mmoja uliolala upande. Ni fundi mmoja tu aliyekuwa na muda wa kufanya hivyo mahali ambapo hapana mtu atakayetazama.

Anatoa boliti mfukoni na kuugonga ubao. Unalia ko.

"Mzima," anasema kwa sauti ndogo. Kisha anabaki pale, kiganja juu ya kiraka. Mwalimu anadhani ameona hitilafu, anamuuliza kuna nini.

"Taratibu alikuwa baba yangu," Binti anasema. "Amefariki, sasa ni miaka ishirini na saba. Na mama yako amekosea jambo moja. Hakupima yeye. Nilipima mimi."

Mwalimu anatoa simu, anaitazama, anairudisha mfukoni. Dereva mstaafu ndiye anayesema.

"Mama watoto," anasema, na mara hii hamna utani, "miaka yote hii unaniambia mimi. Mimi sikuvunjiwa boti."

Inachukua muda. Binti anakwenda kunawa mikono, anarudi, anakwenda kunawa tena. Mwishowe anamwomba mwalimu ampigie mama yake. Simu inawekwa sauti ya juu kwa sababu mikono ya Binti bado inachuruzika maji na hataki kuiharibu mali ya watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?" Sauti ni ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na muda wa kupoteza.

"Ni binti wa Taratibu."

Upande wa pili kunasikika ndoo ikitua sakafuni.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," Binti anasema, na maneno yanamtoka kama aliyeyakariri, kwa sababu kweli ameyakariri. "Boti yako ilipoletwa, baba alikuwa amekwenda kununua boliti. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, anisifu. Nikapima wakati mkanda unaoifunga boti kwenye trela umelegea. Mkanda ukilegea, boti inakaa juu juu. Dereva wako alipoukaza, boti ikashuka vidole viwili, mkongojo ukawa mrefu. Mimi na yeye tukaona umebana vizuri. Baba aliporudi, boti ilikuwa imeshaondoka. Akaniuliza, 'Mkanda ulikuwa umekazwa?' Nikasema ndiyo."

Anaisogelea simu.

"Ulipokuja na ubao uliopasuka, ukautupa mkongojo hapa uani, ukauliza nani amepima, baba akasema amepima yeye. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila kitu. Sikutoka."

Mwalimu anaitazama simu kama imekatika.

"Uko hapo?" sauti kavu inauliza.

"Nipo, mama."

"Boti iko juu ya trela?"

"Iko."

"Basi safari hii kaza mkanda kwanza. Ndiyo upime."

Simu inakatika. Binti anajifuta machozi kwa kile kitambaa chake, na grisi inamwenea uso mzima. Mwalimu anataka kumwambia, anashindwa, anaanza kucheka huku naye akilia. Dereva mstaafu anawamiminia chai wote wawili.

Kabla ya kugusa kitu, Binti anamkalisha mwalimu na kumletea glasi ya maji. Anaizunguka boti ya bluu mara tatu, mikono nyuma. Kisha anaukaza mkanda, na kuukaza tena, akining'inia kwenye mpini wake kwa uzito wake wote. Mkia wa boti unashuka. Vidole viwili.

Kuchagua hakumpi shida. Kile kipande kifupi cha dukani hakifai hapa, kwa sababu ubao huu una kovu na haupaswi kubebeshwa injini nzito kilomita mia na sitini. Unatakiwa mkongojo mrefu unaoutua uzito juu ya trela. Gurudumu dogo la mpira mkiani mwa trela, lile la kuteleshea boti, limelika, haliwezi kuegemewa na kitu, kwa hiyo anachomelea kikombe cha chuma kwenye fremu ili mkongojo usimame humo. Anapima kwa futi ya cherehani mara nne, anakata bomba, anaweka panda yenye mpira mpya wa tairi. Kazi inachukua saa mbili na nusu, pamoja na gurudumu.

Mwalimu, ambaye ni mwepesi wa kuona, anaelekeza kidole mlangoni.

"Ndio ule? Si uukate tu vidole viwili, utumike?"

"Mti uliokaa mlangoni miaka thelathini na mitatu, nikautume barabarani na injini ya arobaini?" Binti anamshangaa. "Mwanangu, mapenzi yana mahali pake na barabara ina mahali pake."

Boti ya bluu inaondoka saa tisa, mkongojo wa rangi ya machungwa ukiwa umeukumbatia mguu wa injini. Baada ya hapo ndipo Binti anakubali kueleza yaliyofuata siku zile.

Fundi Taratibu alikwenda kuutengeneza ubao ule kwa mikono yake, siku nne, bila malipo. Lakini maneno yalikuwa yameshatembea kwamba macho ya mzee yamekwisha. Foleni ikakatika. Kibao kilichoandikwa TARATIBU NA BINTI alikishusha mwenyewe, akakificha nyuma ya kabati. Mke wake akaanza kufua nguo za watu. Yeye akabaki na magurudumu na vishikio vya trela, na kwa miaka sita hadi alipofariki hakukata mkongojo mwingine.

"Alijua," anasema Binti. "Aliuona mkongojo umezidi vidole viwili, akajua mkanda haukukazwa, akajua nimemdanganya. Aliuokota uani, akaufuta, akasema, 'Huu utafaa kufungia mlango.' Basi. Hakuniuliza tena. Kama angenipiga, ningeumia kidogo kuliko hivi. Kila asubuhi nauinua nikiingia, kila jioni naurudisha nikitoka. Nilikuwa nasubiri siku ya kumwambia. Siku zake zikaisha kabla sijamwambia."

Alirudia kazi ya mikongojo mwaka uliofuata mazishi. Kibao hakukitoa. Anasema hakuona kama ana haki ya kulitundika jina la baba yake hali ya kuwa yeye ndiye aliyelichafua.

Siku mbili baadaye ujumbe unaingia kwenye simu yake. Mwalimu amefika, injini haijasogea hata unywele, na amekwisha vuka maji mara moja kwenda na mara moja kurudi. Mkongojo aliukumbuka kuutoa. Mwishoni ameongeza kwamba mama yake atakwenda kumtembelea mwezi ujao na njiani anataka kushuka hapo karakana. Hakusema anataka nini.

Tangu hapo Binti hatulii. Kibao kimetolewa nyuma ya kabati na kimeegemezwa ukutani, maandishi yake yamebanduka nusu. Mumewe amenunua kopo la rangi nyeusi na anashauri neno 'Binti' liondolewe, kwa kuwa mwenye jina ni bibi kizee. Amejibiwa akae kwenye kiti chake.

"Litaandikwa lilivyokuwa," anasema Binti. "Mama yule akifika alikute juu. Nitamkalisha, nimpe maji. Halafu nitamwambia tena yote, ana kwa ana. Kwenye simu ni rahisi, macho ya mtu huyaoni."

Jioni imeingia. Anaburuta vipande viwili vya mlango, anaunyanyua ule mti mweusi na kuupachika mahali pake, kisha anabaki ameuwekea mkono.

"Akiita pale uani," anasema, "safari hii nitatoka."